Swali la Mjane

Mimi ni wakili wa utetezi, na mdogo wangu ni fundi lifti. Tangu utotoni tunamwita Bisibisi, kwa sababu alikuwa hawezi kuona skrubu asiifungue. Redio ya nyumbani aliifungua, saa ya ukutani akaifungua, na siku alipofungua kitasa cha kabati la baba alikula viboko vyake. Baba alikuwa polisi. Na polisi huyo huyo ndiye aliyetulea kwa amri moja kubwa: ukihojiwa na polisi, funga mdomo. "Jina lako mtajie, basi," alikuwa akituambia huku anapiga pasi sare zake. "Mengine yote yamngoje wakili." Sisi watoto tulidhani kila nyumba ina amri hiyo.

Bisibisi alihamia nchi nyingine kikazi, akaoa huko, akapata mabinti wawili, na amri ya baba alikwenda nayo. Mimi nilibaki nyumbani, nikaisomea chuo kikuu, nikaifanya iwe kazi yangu.

Siku moja wifi yangu alinipigia simu, analia hata maneno hayashikani.

"Wifi, kuna mzee amefia kwenye lifti aliyokuwa anaitengeneza Bisibisi. Polisi wamemhoji toka asubuhi, hajasema hata neno moja!"

"Safi kabisa," nikamjibu. "Asiseme."

"Lakini wifi, huku wanashangaa. Wanamuuliza tu ilikuwaje, na yeye kimya, kama gogo."

"Waache washangae. Mwambie dada yake kasema asifungue mdomo."

Nilikata simu nimejiridhisha. Kwetu, mshtakiwa aliyenyamaza ni nusu ya ushindi. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, mimi kazi yangu ni kuutoboatoboa huo mzigo mpaka umwagike, na jaji anakaa katikati kama refa, anatuangalia tunavyovutana. Nimeifanya kazi hiyo miaka mingi na sijawahi kuona sababu ya mteja wangu kusimulia chochote. Wengine nawaambia kabisa: hata mimi usinisimulie, nitakuuliza ninachokihitaji.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Lifti ilikuwa ya jengo la ghorofa sita. Bisibisi alikuwa anarekebisha kufuli ya mlango wa lifti ghorofa ya tatu, kwa hiyo mlango ule ulikuwa wazi na nyuma yake shimo tupu. Fundi akiacha mlango namna hiyo lazima aweke mbele yake kizuizi cha chuma chenye mnyororo. Polisi walikikuta kizuizi kimekunjwa vizuri, kimeegemezwa ukutani. Na mzee mmoja wa ghorofa ile ile, aliyestaafu kazi ya posta, alikutwa amelala juu ya paa la chumba cha lifti, chini kabisa. Waokoaji walipofika alikuwa ameshakata roho. Wakaandika kwamba alikufa papo hapo.

Shtaka likawa uzembe uliosababisha kifo. Akipatikana na hatia, Bisibisi angefungwa, leseni yake ingefutwa, na akitoka jela angerudishwa kwetu, amwache mkewe na mabinti zake huko huko. Hapo mzaha uliniisha. Nikafunga ofisi, nikapanda ndege.

Wakili wao wa kule alikuwa bwana mmoja mnene, mpole, mwenye macho ya usingizi, na ofisi yake ilikuwa na mimea mingi kuliko vitabu. Nilimkalia kitako siku nzima, wifi katikati anatafsiri. Nikamwambia: kuna jirani aliyewaambia polisi kwamba hakuona kizuizi, tumfuate, tuzungumze naye kabla ya kesi, tujue atasema nini, tumwandae. Bwana yule aliacha kumwagilia maji akanigeukia, macho yamemtoka.

"Kumwandaa shahidi?" akauliza. "Unataka nifungwe mimi pamoja na mteja?"

"Kwetu ndiyo kazi ya wakili!"

"Huku mashahidi ni wa mahakama. Mimi nikimfundisha shahidi, napoteza joho langu."

"Basi maswali ya kuwabana nani atauliza?"

"Jaji," akasema kwa upole. "Jaji amesoma jalada lote. Atauliza yeye. Mimi nitasema mwishoni."

"Mwishoni!" Damu ilinichemka. "Na mpaka huo mwisho unafanya nini?"

"Nasikiliza," akasema, akarudi kwenye mimea yake. Kisha akaongeza, mgongo umenielekea, "Mdogo wako ana haki ya kunyamaza hata huku. Hakuna wa kumlazimisha. Ila jaji wetu hatafuti mshindi, anatafuta kilichotokea. Aliyekuwepo ni mmoja tu, na huyo mmoja mmemfunga mdomo ninyi."

Niliporudi kwao nilimkuta Bisibisi, aliyeachiwa angoje kesi nyumbani, yuko jikoni anabadilisha mpira wa bomba ambalo wifi aliniambia halikuwa limeharibika. Alikuwa amekonda. Nikakaa mezani, nikakaribia kabisa kumuuliza. Nikasita, kwa mazoea tu.

"Kuna kitu natakiwa kujua?" nikasema.

Alikaza ule mpira muda mrefu. "Dada, wewe na baba mlinifundisha nisiseme," akajibu. "Na kuna mtu mwingine pia niliyemwahidi. Niache tu."

Sikumuuliza ni nani. Nilidhani anamaanisha wakili.

Siku ya kesi ilifika. Chumba kilikuwa kidogo, cheupe, kina harufu ya rangi mpya, na kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pasipo pake. Majaji walikuwa watatu. Mwendesha mashtaka, ambaye kwetu anakaa chini, usawa mmoja na mimi, huko amepandishwa juu, ubavuni mwa majaji, kama shemeji yao. Wakili wetu amekaa chini anasinzia. Na mbele, kwenye meza yake mwenyewe yenye glasi ya maji na jalada la kesi, alikaa bibi mmoja mdogo wa umbo, amevaa sweta la kijivu na kukumbatia mkoba.

"Yule nani?" nikamnong'oneza wifi.

"Mjane wa mzee."

"Anafanya nini mbele?"

"Ni upande katika kesi. Ana haki ya kusoma jalada na kuuliza."

Niliguna. Kwetu kesi ya jinai ni ya serikali na mshtakiwa. Mjane huitwa kama shahidi, hujibu anachoulizwa, kisha huteremka na kurudi benchi la nyuma, na hukumu huisikilizia huko pamoja na watu waliokuja kupunga upepo. Nilipomwona yule bibi na glasi yake ya maji nikajua tumekwisha. Machozi yake yatawalainisha majaji wote watatu, na hakuna wa kumzuia.

Jaji mkuu, mwanamke mwenye mvi fupi na sauti ya mwalimu wa chekechea, hakuanzia kwenye ajali. Alianza kumuuliza Bisibisi alizaliwa wapi. Wazazi walifanya kazi gani. Kwa nini alipenda ufundi. Aliwahi kugombana na mtu kazini? Kunywa pombe? Mimi huku nyuma nimekaa juu ya misumari, maana kwetu kumchimba mshtakiwa tabia kabla ya ushahidi ni mwiko mkubwa. Jaji alipofika kwenye "Unajiona ni mtu makini au mtu wa haraka haraka?" uvumilivu uliniishia. Nikajikuta nimesimama.

"Napinga!"

Chumba kizima kikageuka. Mlinzi akaanza kunijia. Jaji akamuuliza wifi, kwa upole ule ule, huyu mama anasema nini.

Wifi akasimama naye, uso umemwiva. "Anasema mguu wake umekufa ganzi, mheshimiwa."

"Pole sana," jaji akasema. "Basi asimame mpaka upone."

Nikasimama. Nilisimama asubuhi nzima, wakili wa miaka yote hiyo, naona aibu kukaa. Naye Bisibisi alikuwa amejibu yote ya kuzaliwa na ya ufundi, lakini jaji alipomfikisha kwenye siku ya ajali akainamisha kichwa.

"Sitasema, mheshimiwa."

"Ni haki yako," jaji akasema, na nilisikia masikitiko ya kweli katika sauti yake. Wakaja mashahidi. Jirani alisema alipanda ngazi asubuhi ile na hakukumbuka kuona kizuizi. Mkaguzi wa lifti alisema kizuizi kilichokunjwa vizuri namna ile ni kizuizi ambacho hakikufunguliwa kabisa. Picha ya kizuizi ikaonyeshwa ukutani. Mwendesha mashtaka akaandika kitu, akatabasamu kidogo. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kupasua ushahidi ule, na sina mdomo wala joho. Nilimwangalia mdogo wangu kisogo chake, kile kile nilichokuwa nakinyoa tukiwa wadogo, na kwa mara ya kwanza niliogopa kikwelikweli.

Ndipo jaji akamgeukia mjane. "Mama, una swali kwa mshtakiwa?"

Wakili wa yule bibi aliinama kumnong'oneza, bibi akampungia mkono kumnyamazisha. Alisimama, mkoba bado kaukumbatia.

"Siku ile nilikuwa hospitali, nimepelekwa kupimwa macho," akasema, na wifi akanitafsiria sikioni. "Niliporudi nyumbani nilikuta vikombe viwili vya chai mezani. Vimejaa, vimepoa. Polisi hawakuvitazama, wao walitazama lifti. Mimi na mume wangu hatuna wageni. Watoto wako mbali. Nimejiuliza tangu siku hiyo." Akamgeukia Bisibisi moja kwa moja. "Kile kikombe cha pili kilikuwa cha nani?"

Nakiri hapa kitu kimoja. Swali lile kwetu lisingeulizwa. Halihusiani na shtaka, halithibitishi kitu, na ambaye angesimama kulipinga ni mimi.

Bisibisi aliinua kichwa. Hakumtazama wakili wake. Aligeuka nyuma akanitafuta mimi, kama alivyokuwa akinitafuta utotoni akitaka ruhusa ya kutoka mezani. Kila nilichokisomea kilikuwa kinaniambia nitikise kichwa, asiseme. Yule bibi alikuwa amesimama pale anangoja, shingo ameinyoosha kidogo ili asikose kusikia. Nikamwambia mdogo wangu kwa midomo tu, bila sauti: sema.

"Kilikuwa changu, mama," akasema.

Wifi akanikaba mkono. Nikambana na mimi: tafsiri, tafsiri basi! Akatafsiri huku anafuta pua.

Mzee alikuwa amemwona Bisibisi anafanya kazi tangu asubuhi. Alipita mara mbili tatu akamtania kwamba lifti ile ina umri wake, aitengeneze kwa heshima. Baadaye Bisibisi aliweka kizuizi mlangoni, akateremka kusimama juu ya paa la chumba cha lifti, chini, kukagua nyaya. Akasikia sauti toka juu: "Fundi! Chai imeiva!" Akatazama, akaona kichwa cha mzee kwenye mlango wa ghorofa ya tatu. Akapiga kelele, "Mzee, rudi nyuma, rudishia kizuizi, nakuja!" Mzee akasema hasikii. Akainama zaidi ili asikie.

"Hakufa papo hapo," Bisibisi akasema. "Aliniangukia karibu kabisa. Nilipiga simu ya waokoaji, nikakaa naye. Nilimshika mkono. Alikuwa anaongea. Aliniambia, 'Nimekisogeza kile chuma chako. Tafadhali mke wangu asijue. Kila siku ananigombeza nisiguse vitu vya watu.' Nikamwahidi. Nikamwambia, mzee, hatajua. Nisamehe, mama. Nilimwahidi."

Mimi niliyekuwa nimesimama kwa aibu nilikaa bila kujijua.

Mwendesha mashtaka aliwahi. Akasema, bila ukali, kwamba ni rahisi kumtwisha marehemu lawama, naye hayupo kujitetea. Kwa haki kabisa, hata mimi ningesema hivyo. Lakini mjane alikuwa bado amesimama, na mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Anacheka na machozi yanamtiririka.

"Ndiye yeye," akasema. "Huyo ndiye yeye kabisa. Hata anakufa, ananiogopa mimi." Kisha akaomba picha ya kizuizi irudishwe ukutani, ikuzwe. Ikakuzwa. "Tazameni mnyororo," akasema. Mnyororo ulikuwa umezungushwa mara nyingi kwenye mguu mmoja wa chuma, mwisho wake umepitishwa chini ya mizunguko na kuchomekwa ndani. "Mume wangu alifunga vifurushi posta maisha yake yote. Hawezi kuacha kitu kinaning'inia. Waya wa pasi, kamba ya nguo, vyote huvifunga hivyo." Akaunyanyua mkoba wake mbele ya majaji. Mkanda wake ulikuwa umekatika na kufungwa upya kwa kamba, mizunguko ile ile, mwisho umechomekwa chini. "Hii alinifungia yeye."

Majaji walipokezana ule mkoba, mmoja baada ya mwingine, wakiulinganisha na picha. Mkaguzi wa lifti akaitwa tena, akaulizwa kama mafundi hufunga minyororo namna hiyo. Akasema hajawahi kumwona fundi mwenye muda wa kufanya hivyo. Mwendesha mashtaka naye akauomba mkoba. Akauangalia sana. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona katika maisha yangu ya mahakamani: alisimama akasema kwamba kazi yake pale ni kusaidia ukweli ujulikane, na kwamba hawezi tena kuomba mshtakiwa atiwe hatiani. Wakili wetu naye mwishowe alisimama. Alisema maneno machache mno, akaketi. Nikaelewa kwamba hakuwa akisinzia muda wote ule.

Majaji walitoka kushauriana. Waliporudi jioni ile walimwachia Bisibisi huru. Jaji alieleza kwamba fundi aliweka kizuizi kama alivyopaswa, na kwamba marehemu alikiondoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa nia njema. Aliyasema haya ya mwisho akimtazama mjane. Wifi alimrukia mumewe hata miwani ya mtu ikaanguka. Mimi nilimkimbilia yule wakili mnene nikamkumbatia, akabaki mikono imemning'inia, nadhani huko hawakumbatii mawakili.

Ninazipenda mahakama za kwetu, na bado nasimama ndani yake kila wiki nikivuta upande wangu wa kamba. Zimewaokoa watu wengi waliokuwa na kila mtu dhidi yao, na ile haki ya kunyamaza nitaitetea mpaka nizeeke. Ila nikimwona mama aliyefiwa amekaa benchi la nyuma siku hizi, huwa natafuta nafasi nimsogelee nimuulize kama kuna jambo analotaka kujua. Kwa sheria si kazi yangu. Nalipa deni la shukrani tu, na nalilipa kwa furaha. Namshukuru jaji aliyekubali kuuliza mambo ambayo mimi niliyaona hayana maana. Namshukuru yule mwendesha mashtaka. Zaidi ya wote namshukuru bibi yule, aliyekuwa na kila sababu ya kumchukia mdogo wangu, na akatumia nafasi yake yote kuuliza habari za kikombe.

Jioni ile, tukitoka mahakamani, tulimkuta yule bibi ukumbini, anangoja teksi, peke yake kwenye kiti cha plastiki. Bisibisi alimwendea akataka kumpigia magoti. Bibi akamkataza.

"Mwanangu, wewe usiombe msamaha," akamwambia. "Wao waliniambia alikufa papo hapo, wakadhani wananifariji. Mimi kila nikilala nilikuwa namwona ameanguka gizani hana mtu. Hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuja kukufunga."

"Hakuwa peke yake, mama," Bisibisi akasema. "Hata kidogo."

"Nimesikia. Nashukuru sana." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kama anayeona haya, "Ulimshika kwa mkono upi?"

Mdogo wangu alinyoosha mkono wa kulia. Bibi aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akaulaza mapajani mwake, na hata teksi ilipofika na kupiga honi hakuuachia.